Tetekuwanga ya Hina

Mpendwa Bi Jumwa,

Nakusalimu kwa heshima na sitakuchosha na maneno mengi ya mwanzo, kwa kuwa mtihani wa kidato cha nne ni Jumatatu ya wiki ijayo, leo ni Jumapili, zimebaki siku nane, na binti yangu amejaa vidoa usoni ambavyo nimemtia mimi mwenyewe kwa kijiti cha kiberiti, na sasa sijui nivitoe vipi wala nimwambie nani, ndiyo nikaona bora nikuandikie wewe wa gazetini ambaye hunijui.

Mimi naishi Jomvu Kuu, mume wangu Aidarus ana duka la vifaa vya ujenzi Changamwe, ni mtu mpole ambaye hufika nyumbani baada ya isha na huamini kwamba kila kitu kiko sawa. Kijana wetu mkubwa anafanya kazi hotelini Shanzu, hapa nyumbani tumebaki na Israa peke yake, na yeye ndiye mtahiniwa. Mwezi wa Agosti nilimpiga picha na sare zake za shule nikaiweka kwenye kikundi cha familia, nikaandika, "Binti yetu ni kandideti mwaka huu, tunaomba dua zenu." Kikundi kina watu mia na kumi na wanne. Mimi nilikusudia waombe wakiwa makwao, lakini kwetu, Bi Jumwa, dua huletwa nyumbani.

Wa kwanza kuja alikuwa Bi Mwidani, shangazi yake Aidarus, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, amekuja na chupa ya kombe, yaani aya zilizoandikwa kwa zafarani na kuoshwa kwa marashi, ya kunywa asubuhi tatu, nami wallahi nilifurahi. Akaniuliza, "Israa yuwapi?" Nikamwambia yuwasoma. Akasema, "Basi mwite, nimsomee." Nikamwita, akaitika "Abee," akaja na kalamu mkononi, akatoa shikamoo, akabusu mkono, akakaa akaombewa, na kwa kuwa mgeni hawezi kutoka nyumbani kwangu na kinywa kikavu, akainuka akaenda kuleta chai.

Siku ya pili wakaja mawifi watatu na watoto wao, siku ya tatu wakaja watu wa msikitini, halafu watu wa mamangu kutoka Kisauni, halafu waliosikia kwamba wengine wamekuja na wao hawajaja wakaona haya. Wote huja baada ya alasiri, yaani Israa anatua mkoba na wao wanavua viatu, wakakaa mpaka magharibi, wakaswali, wakarudi kumalizia chai. Nimekaanga mahamri, nimekaanga viazi karai, nimetengeneza kaimati, siku ya watu wa Kisauni nikatoa sambusa za nyama mia moja na ishirini, na sinia alikuwa akilipeleka Israa, maana mgeni akihudumiwa na mama mtu na binti yuko ndani, watasema binti hakufundishwa. Kila mgeni alimuuliza anataka kuwa nani. Mwanzo aliwajibu wote sawasawa, kufika katikati ya Septemba akawa amechoka, anamjibu kila mtu lake, huyu amwambia daktari, huyu rubani, huyu hakimu, hata watu wakaanza kubishana kikundini.

Matokeo ya mtihani wa majaribio yakaja, yameshuka. Israa aliiacha karatasi juu ya friji, chini ya sahani ya mahamri, nikaikuta siku mbili baadaye ina mafuta.

Nina jirani, Rosalia, mumewe ni Musyoka dereva wa lori, na yeye anafanya kazi jikoni karibu na uwanja wa ndege. Binti yao Fancy yuko darasa moja na Israa. Fancy anasoma mezani kwao kila alasiri, mlango umefungwa, hakuna anayebisha. Nilimuuliza Rosalia mbona watu hawaji kumuombea mtoto, akaniambia, "Mama Israa, nani atakuja? Watu wetu wote wako Makueni." Nilimhurumia sana, nikampelekea kaimati.

Ungeniuliza kwa nini sikuwaambia wageni kwamba mtoto anasoma, wasije. Nikwambie kweli, hayo maneno ya kumwambia mtu mzima arudi kwake mimi sinayo, sikufundishwa. Mwaka wangu mimi wa kidato cha nne wageni wa posa walikuja wiki ya mtihani, nikawa niko jikoni na sinia, karatasi mbili zikanipita, na simlaumu mtu, Aidarus ni mume mwema, nakutajia tu ujue kwamba nyumba yenye wageni naijua.

Basi wiki mbili zilizopita nikaandika kikundini kwamba Israa ana tetekuwanga. Niliifikiria sana. Nilitaka maradhi ya kuambukiza yasiyotisha, yanayokwisha yenyewe. Kitu ambacho sikukifikiria ni kwamba watu wazima wote wa Jomvu Kuu wameshaugua tetekuwanga, hawaiogopi, na tena mtahiniwa mzima huja kumuona anayependa, lakini mgonjwa kumzuru ni haki yake juu ya kila mtu. Wageni wakawa mara mbili. Wakaja na madafu, wakaja na asali, na wakawa hawaondoki mapema kwa sababu mgonjwa haachwi peke yake.

Bi Mwidani akaja na majani ya mwarobaini amuogeshe. Akasimama mlangoni akamtazama, akasema, "Mbona simuoni hata kipele?" Nikamwambia viko njiani. Kesho yake kabla hajafika nikakoroga hina, nikamkalisha Israa kitandani nikamtia vidoa uso mzima, shingo na mikono. Alikubali kwa sharti moja, nisiongee. Ilichukua saa nzima na muda wote alikuwa na kitabu chake, nadhani ndiyo saa aliyosoma vizuri kuliko zote mwezi huu. Bi Mwidani akamuogesha kwa mikono yake, akavitazama, akasema, "Vipele vyake vimepangika." Akanywa chai akaenda zake.

Nilidhani hina itapauka siku tatu. Ni ile hina ya harusi, Bi Jumwa, iko vile vile.

Sasa shule imesikia. Mwalimu wake wa darasa, Madam Dorothy, amenipigia simu kwamba mtahiniwa mwenye maradhi ya kuambukiza atafanyia mtihani chumba cha peke yake, na nipeleke barua ya zahanati. Nilipomwambia Israa, akaniuliza, "Peke yangu, mama? Hapatakuwa na mtu wa kuingia?" Nikamwambia ni yeye na msimamizi tu. Akatabasamu. Tangu Agosti sikuwa nimemuona akitabasamu, na sasa yeye mwenyewe hataki niseme kweli. Wifi yangu mmoja anamjua mtu wa kuniandikia barua hiyo bila kumuona mtoto. Sijamjibu. Nikisema kweli, shule itajua, kikundi kitajua, na Bi Mwidani aliyemuogesha mtoto mzima kwa mwarobaini hatanisamehe. Nikinyamaza, naogopa mtoto atafutiwa mtihani. Nifanye nini?

Mimi Mwenye Kijiti, Jomvu Kuu. Majina yote nimeyabadilisha isipokuwa la Rosalia, ambaye nimemuuliza akasema hasomi gazeti hili.

*

Mama Israa,

Pole. Nimekupa pole mara moja na sitairudia, kwa kuwa leo ni Alhamisi na una kazi. Barua yako ilinifikia Jumanne nikaitanguliza mbele ya bwana mmoja wa Likoni, ambaye ugomvi wake na mbuzi wa jirani una miaka minne na unaweza kungoja wiki nyingine.

Tuanze na barua ya zahanati. Usiichukue. Mwambie huyo wifi yako ahsante, na ufunge mazungumzo hayo hapo hapo. Kumdanganya shangazi kuhusu vipele ni utovu wa adabu, lakini kupeleka karatasi ya uongo kwenye mtihani wa taifa ni kumweka mwanao mahali ambapo hata akifaulu mtu anaweza kuja kumuuliza. Hukumlea miaka yote hii ili aulizwe.

Kesho Ijumaa asubuhi, shule ikifunguliwa, uwe mlangoni na Israa ubavuni. Mwambie Madam Dorothy, "Mwanangu hana tetekuwanga. Hii ni hina, nimemtia mimi." Kisha nyamaza, usianze kumsimulia habari za sambusa. Atakukasirikia kama dakika tano, unazistahili. Nimesimamia mitihani Kisauni miaka kumi na minane kabla ya kuanza kusoma barua za watu, na nimepokea mtahiniwa aliyekuja na viatu vya mamake, na mmoja aliyekuja na kuku. Wote walifanya karatasi zao. Vidoa havijawahi kumwangusha mtu. Na usimsugue mtoto kwa ndimu wala dawa ya kufulia, utampeleka mtihanini na vidonda vya kweli. Hina iache itoke kwa wakati wake.

Sasa Bi Mwidani. Unaogopa kwamba akijua hatakusamehe. Mwanangu, mwanamke wa Jomvu Kuu wa miaka sabini, aliyewaona maharusi wangapi sijui, ameushika mwili wa mtoto kwa mikono yake, ameuosha, ametazama vidoa vilivyopangwa kwa kijiti, na wewe unadhani hajaijua hina? Amekwambia vimepangika. Alikuwa anakwambia amejua. Akanyamaza kwa kukustahi, akanywa chai akaenda zake, na katika wote waliopita nyumbani kwako tangu Agosti, huyo ndiye wa kwanza aliyekuona wewe na shida yako.

Kwa hivyo ukitoka shule nenda kwake moja kwa moja, kabla hujaandika chochote kikundini. Mwombe radhi, kisha mwombe kazi. Mwambie unataka dua zote zihamie nyumbani kwake mpaka mtihani uishe. Wewe huna maneno ya kumrudisha mtu mzima kwake, sawa, hukufundishwa. Yeye anayo. Atakayekuja na madafu aelekezwe kwa Bi Mwidani, na yeye ndiye ataandika kikundini, au umwandikie na jina lake liwe chini. Nitashangaa akitokea mtu wa kumbishia. Dua hazihitaji Israa akae mbele yake na kalamu mkononi. Birika lako mpelekee, na kaimati ukipenda kaanga, lakini zikaangwe huko.

Najua hawa watu wanakupenda, na sikuambii uwachukie. Najua pia ulifurahi. Mlango wako ulibishwa kila siku kwa ajili ya mwanao, na mama gani hatafurahi? Lakini nimeisoma barua yako mara mbili. Ina mahamri, ina viazi karai, ina kaimati mara mbili, ina sambusa mia moja na ishirini za nyama. Haina somo hata moja. Umeniambia matokeo yameshuka na hukuniambia yameshuka katika nini, na karatasi uliikuta chini ya sahani. Leo hii muulize Israa ni somo gani linalomsumbua. Akikujibu, usimpe mawaidha wala usimtajie binti wa fulani aliyefaulu. Sema tu umesikia.

Rosalia ulimhurumia kwa sababu mlango wake haubishwi. Israa angetoa kitu kikubwa kupata mlango kama ule. Mwombe Rosalia mtoto wako akae pale mezani na Fancy kila alasiri, kuanzia kesho mpaka karatasi ya mwisho, na akitoka hapo aje nyumbani ale, alale. Ndiyo maana Israa alitabasamu alipoambiwa atafungiwa chumbani na msimamizi asiyemjua. Mtoto alisikia kwamba kuna mahali Mombasa hii ambapo hatasalimia mtu kwa saa mbili. Nilipofika kwenye mstari huo niliiweka barua chini, nikatoka nje kidogo.

Kisha kuna jambo ulilolitia katikati ya maneno mengine, ukasema unanitajia tu. Wageni wa posa walikuja, ukawa jikoni, karatasi mbili zikakupita. Unasema humlaumu mtu. Mimi sikutaki umlaumu mtu. Nakutaka ukumbuke ni nani aliyekuwa amelishika sinia siku ile, halafu utazame ni nani aliyelishika tangu Agosti, na nani aliyempa.

Jumatatu akirudi kutoka mtihanini, usimuulize amefanyaje. Mwambie akae. Chakula kiwe tayari, na sinia ulibebe wewe.

Bi Jumwa