Tairi la Kumbeba Mama

Mama yangu uliye huko kijijini Yoba, shikamoo.

Mvua ya hapa mjini Muyinga imenibana dukani kwa muuza matairi ya baiskeli, bibi mmoja mkali. Kabla ya kuniuzia akauliza, "Nyuma unabebaka nini?" Nikasema, mama yangu. Akaninyang'anya tairi gumu nililochagua, akanipa pana. "Na upepo wa kubebea mahindi usimtie mama. Yeye si gunia!"

Nimeona aibu. Tangu turudi kutoka Tanzania najaza upepo mpaka tairi liwe jiwe, nawe unasema unapenda kwenda kanisani kwa miguu. Kumbe ni kiuno kinachokuuma kwa kurushwarushwa.

Jumapili utakaa kwanza kwenye keria, ndipo nitapiga pampu. Wewe ndiye utakayeniambia inatosha.

Mwanao akupendaye,
Eliya