Mafuta Yaliyokwisha Foleni

Mjukuu wangu Maimuna,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Huku Mtongwe sote tu wazima, alhamdulillahi. Mke mwenzio, yaani bibi yako, goti limempoa na maneno yamemrudi.

Umeniuliza kama yatosha kujua kilomita za kila gari ili ukadirie hewa chafu inayotoka kwenye magari ya Likoni. Kosa hilo nusura liniharibie jina ujanani, nilipokuwa dereva wa tajiri mmoja. Kila siku nilivuka na gari lake kwa feri kuwachukua wanawe shuleni. Siku moja akatazama mita, akaona safari ni fupi. Akatazama mafuta, akaona yamekwisha. Akaniambia, "Wewe wanyonya mafuta, wauza."

Kesho yake nikamwomba apande nami.

Tukaingia foleni ya feri. Injini haizimwi, maana ukichelewa kusogea mwenzio ashakuchomekea. Twasogea kidogo, twasimama. Mshale wa mafuta ukashuka mbele ya macho yake, na feri hatujaiona. Mwisho akasema polepole, "Kumbe gari halikwenda, mafuta yamekwenda."

Hakuniomba radhi, ila hakuniuliza tena.

Basi katika hesabu zako, mama, usiyasahau magari yaliyosimama.

Bibi yako anicheka eti nakaa barazani kutwa, sina nilifanyalo. Ukimpigia simu mwambie nakungoja wewe, na anayengoja naye huwaka.

Babu yako