Kabla ya Kipimo cha Pili

Nje ya maabara, benchi la mwisho
Jumanne, saa tatu asubuhi

Mpendwa wifi,

Mwanao amechuchumaa sasa hivi. Kifungo cha shati alichokuwa akichezea kimemponyoka kikabingirika chini ya benchi. Akashuka, magoti yote mawili yakakunjika, akakiokota, akainuka bila kunishika. Halafu akaendelea kuhesabu vigae vya sakafu kana kwamba hakuna lililotokea. Mimi ndiye niliyebaki mdomo wazi, nikachomoa karatasi kwenye mkoba ili nikuandikie furaha ikiwa bado ya moto.

Nisamehe, nimerukia habari hata sijakuamkia. Shikamoo, wifi. Hujambo wewe na wote wa hapo? Ule mgongo wako umetulia? Sisi tunasogea. Kaka yako yuko safarini na lori, anarudi Ijumaa. Mimi mzima, ila nimechoka, uchovu ule ambao ukilala unaamka nao.

Kila asubuhi napasha maji, nakanda magoti ya huyu mwanetu Bibi kwa kitambaa cha moto mpaka yalainike. Kisha chakula, kisha dawa ya kupoza uvimbe, kisha matone yake ya vitamini. Ndipo nakaa kwenye cherehani, macho yanajifumba yenyewe. Juzi nilishona mkono wa blauzi pale pa shingo. Mteja akaniuliza kama ndiyo mtindo mpya, nikamwambia ndiyo.

Najua hulipendi hilo jina la Bibi. Watoto wa jirani ndio walioanza kumwita Bibi Kizee kwa alivyokuwa akitembea, nikataka kwenda kugombana na mama zao. Yeye akawatazama tu, akawauliza, "Kama mimi ni bibi, mbona hamniamkii?" Sasa wakipita wanampa shikamoo, naye anaitikia marahaba bila kucheka. Jina likabaki.

Wifi, ile simu yako ya mwezi juzi sijaisahau. Ulipoambiwa damu yake imeonyesha vitamini D, ile ambayo mwili huitengeneza kwa jua, iko chini sana, ulisema, "Mtoto wa kaka yangu anakosa mpaka jua, na jua halina mwenyewe?" Mkakubaliana na kaka yako kwamba kipimo cha pili kikirudi chini vilevile, Bibi aje kukaa kwako kwenye uwanja mpana. Hicho kipimo ndicho tunachokingoja hapa. Damu walimtoa wiki iliyopita, leo tumekuja kuchukua majibu.

Sitajificha. Pazia la chumba cha kushonea nilikuwa silifungui, vitambaa vya watu visije vikapauka. Magoti ya Bibi yalipoanza kuvimba, akawa hawezi kukimbia na wenzake, nikamtandikia mkeka pembeni ya meza yangu, nikaona namtunza. Karibu mwaka mzima, wifi. Nikamweka kivulini pamoja na sketi za watu.

Lakini kuna jambo sikukuambia kwenye simu, kwa sababu wakati ule hata mimi sikulielewa. Nilirudi kwa daktari wa watoto nikamuuliza waziwazi, je, ni mimi niliyemvimbisha mwanangu? Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba ugonjwa huu wa viungo ni mwili wenyewe kujishambulia, na unakoanzia hasa hawajui. Tena mwili ukiwa umewaka ndani namna hiyo, vitamini kwenye damu nazo zinaweza kushuka, hata kwa mtoto anayekula vizuri na kucheza nje. Kwa hiyo ile namba peke yake haiwezi kusema kipi kilitangulia, kukosa jua au uvimbe. Labda vyote viwili. Ndiyo maana alitaka uvimbe upoe kwanza, ndipo apime tena.

Nikamwambia kumbe ni kama kitambaa kipya cha pamba, hukikati kabla hujakilowesha kikasinyaa. Akacheka. Akasema, "Hivyo hivyo, mama. Na wewe acha kujipiga."

Sikuacha siku hiyo. Nilikaa kwenye ngazi za hospitali nikalia mpaka mfagiaji akanizunguka na ufagio wake.

Tangu hapo pazia liko wazi. Cherehani nimeisogeza karibu na mlango, na asubuhi Bibi anakaa kizingitini, miguu nje, ananisomea rangi za nguo za wapita njia. Blauzi moja imepauka bega, mwenyewe amenuna. Acha anune.

Naweka salamu hapa hapa, wakituita nisije nikazisahau. Mama mkwe mpe shikamoo yangu kwa mikono miwili. Msalimie baba watoto wako, na wale pacha waambie wasigombanie penseli nilizowatumia. Mungu akutunze, akupe afya na subira ya kunivumilia.

Ni mimi, mke wa kaka yako, nikupendaye hata siku ukinisema,
Mama Bibi

Nimeshaweka sahihi lakini foleni haijasogea, basi niseme na lile nililokuwa nalikwepa. Namba ikiwa imepanda, nitashukuru. Isipopanda, tutaanza tena na daktari, nguvu bado ninazo kidogo. Lakini kumleta Bibi akae kwako, hapana, wifi. Najua unamtaka kwa upendo, na najua ungemtunza. Ila alipokuwa hawezi kwenda chooni bila kushikwa, mwenye kumshika nilikuwa mimi, na leo alipochuchumaa peke yake nilikuwepo nikaona. Nataka niendelee kuwepo. Kaka yako nitamwambia mwenyewe Ijumaa, kabla hajavua viatu.

Mpimaji amefungua mlango, ana karatasi mkononi, anaita jina la mtoto, na Bibi ameshatangulia bila kunisubiri. Njoo wewe, wifi. Mkeka wa pale kizingitini unatosha watu wawili, ukae naye juani asubuhi, umwone kwa macho yako anavyochuchumaa.