Nakataa Maji ya Mkamwana Wangu

Mpendwa mshauri, salamu nyingi kutoka huku Mgwashi milimani, na unisamehe kwa kukuletea jambo la aibu, ila limenishinda na sina wa kumweleza isipokuwa wewe na mzee mwenzangu Shabani, ambaye ndiye anayeniandikia, maana yeye alihudhuria kisomo cha watu wazima na mimi macho yangu yameingia ukungu. Naitwa Abrahamu, ni mkulima, mke wangu Esta alifariki mwaka juzi, nina ugonjwa wa sukari, nina presha, magoti yana baridi yabisi, na miguu imekufa ganzi hata majuzi niliungua kwa kaa la moto nikajua kwa harufu, nami ndiye yule yule ambaye mwaka wa Uhuru nilibeba gunia la viazi mpaka Bumbuli bila kupumzika njiani.

Shida yangu ni kwamba mwanangu Sefania yuko Bulwa kwenye kiwanda cha chai, huja mwisho wa mwezi tu, na nyumbani nimebaki na mkewe Marta, binti mwenye adabu, ananipikia bada, yaani ugali wetu, ananipa dawa, lakini chooni siwezi kwenda mpaka nishikwe mkono, na vidonge vya presha vinaleta mkojo, na sukari nayo inaleta mkojo, na kwetu baba mkwe na mkamwana hata kukaa karibu hawakai, sasa anisimamie mlangoni huku nafungua suruali itakuwaje? Basi nimejitafutia njia, sinywi maji. Akileta kikombe nasema sina kiu, na vidonge naviweka chini ya ulimi, akitoka navitema. Kiu inanitesa mpaka ulimi unagandamana na kinywa, lakini naweza kushinda bila kumwita. Juzi alisimama na kikombe akasema, "Tate, baba yangu, kunywa hata kidogo," nikageukia ukutani, baadaye nikamsikia analia jikoni, sijui amepatwa na nini.

Mshauri, asubuhi wenzangu wanapita na majembe kwenda shamba la kijiji, wanaimba, nami nazijua sauti zao moja moja, natamani hata ningebeba jembe tu nisilime. Natamani kushuka mwenyewe kijitoni nikaoge maji ya baridi, Esta akiniita toka juu kwamba uji unapoa. Natamani kuugusa mpeasi nilioupanda mwaka ule wa Uhuru, uko nyuma ya nyumba, lakini siku hizi nyuma ya nyumba ni safari. Niambie, nimwite Sefania aache kazi, au niendelee hivi mpaka Mungu anichukue?

Mzee Abrahamu, Mgwashi

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Nimekwisha kukuamkia, sasa niruhusu nikugombeze.

Mgonjwa wa sukari anayekataa maji na kutema dawa anajichimbia kaburi, tena kwa adabu kubwa. Haya zako nazielewa, na nimekuonea uchungu, maana aliyezoea kupanda milima hapendi kuongozwa mpaka mlangoni. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua.

Na kweli hujui Marta analilia nini? Mimi niko mbali na nimejua. Mzee akikataa maji ya mkono wa mkamwana na kumgeuzia mgongo, amemkataa yeye mwenyewe. Wewe unaficha haya, yeye anaona laana. Anaogopa utakufa bila kumpa radhi.

Sefania asiache kazi. Shabani, wewe unayemsomea haya, mkono ulioshika kalamu sasa ushike panga. Kata nguzo, ufunge kamba ya katani kutoka mlango wa mzee mpaka chooni, na nyingine mpaka kwenye mpeasi. Mzee, utaifuata kwa mkono wako, peke yako, umevaa viatu. Uoge umekaa kwenye kigoda. Marta atenge maji ya uvuguvugu kisha aondoke, na uyapime kwa kiwiko, si kwa mguu huo uliokufa ganzi. Usiku weka kopo lenye mfuniko kando ya kitanda. Wiki hii hii Shabani akupeleke hospitali, umwambie daktari kwamba vidonge ulikuwa unavitema, na macho yaangaliwe pia. Siku kamba itakapokushinda, mwite Shabani, na asipokuwepo mwite Marta, maana ugonjwa haungoji mila.

Kijito sitakuahidi. Esta ndiyo kabisa siwezi kukurudishia, na angekuwepo angekugombeza kuliko mimi.

Barua hii ikiisha kusomwa, kabla Shabani hajainuka, mwite Marta, umwombe maji. Usigeukie ukutani. Kunywa mbele yake mpaka yaishe, halafu mrudishie kikombe mkononi. Kama maneno yatakataa kutoka, usijisumbue, akikiona kitupu ataelewa.