Figo ya Msusi

Jumatatu, 3 Machi

Wamekuja watatu: fundi cherehani ambaye figo zake zimekufa, mke wake msusi, na mama wa fundi. Mke anajitolea figo yake moja. Damu zao hazipatani. Watu wa namna hii ndio niliokuwa nawangoja! Dawa yangu ya kuutuliza mwili usikatae figo ya damu ngeni imeshatoka maabara, jopo la maadili limeipitisha. Kilichobaki ni binadamu wa kwanza.

Nikamuuliza msusi kama ameamua mwenyewe. Akafungua mdomo. Aliyejibu ni mama mkwe. Eti wao ni kitu kimoja.

Kitu kimoja! Kwani figo inatoka kwa nani?

Jumatano, 5 Machi

Msusi ana afya ya chuma. Lakini kila swali anamtazama mama mkwe kwanza. Mkoba wake kaupakata huyo mama, na simu imo humo humo. Kwa nini? Asisumbuliwe, eti. Hmm.

Nimemweleza daktari wa usingizi — Msumari, tunavyomwita kwa wembamba wake. Kacheka sana. Anasema mimi hata mume wangu akichelewa dukani namchunguza kama uvimbe. Halafu akaongeza kwamba nikiwakataa hawa, utafiti utalala miaka.

Haraka hiyo ya nini? Utafiti huu una jina la Msumari pia. Namwangalia na yeye.

Ijumaa, 7 Machi

Nimempata msusi peke yake. Haikuwa rahisi, maana hata chooni anasindikizwa. Nilimwachia nesi mkuu yule mama, na nesi mkuu akianza habari za wajukuu zake hakuna anayechomoka.

Nikafunga mlango.

"Dada, hapa tuko wawili. Kama hutaki, sema. Nitawaambia tu kwamba hufai, basi. Sababu siitoi."

Nilitegemea machozi. Akatabasamu.

"Unadhani wananilazimisha?"

"Mama mkwe wako—"

"Mama ananichunga nisikimbie. Ameshanusa kitu." Akashusha sauti. "Nataka kumpa, daktari. Nikipona kidonda, naondoka. Alipokuwa mzima alinifanya si mtu. Sasa anaumwa. Nikimwacha hivi hivi, nani atanielewa? Nikimwachia figo, hakuna wa kuninyooshea kidole. Hata mimi mwenyewe."

Nikalifunga faili lake.

"Utawaambia?"

"Siwezi. Siri ya mgonjwa."

Ni hiari? Ni hiari. Mbona basi roho yangu haijatulia?

Jumapili, 9 Machi

Nyumbani. Chakula kimepoa mbele yangu. Mume wangu, bila kutajiwa mtu, anasema mtu mzima akishakubali, daktari anatafuta nini tena?

Natafuta kujua kama najidanganya. Mgonjwa wa kawaida ningekuwa nimeshamrudisha, niwaambie wakayamalize kwao kwanza. Huyu simrudishi. Huyu ni wa kwanza.

Jumanne, 11 Machi

Wote wawili wamelazwa. Asubuhi nikipita wodini, fundi akaniomba nivute pazia. Mara ya kwanza namsikia akisema zaidi ya "ndiyo, daktari."

"Mke wangu amekwambia ataniacha?"

"Ya mke wako muulize mke wako."

"Basi amekwambia." Akageukia ukuta. "Mwambie hafai. Niache na mashine ya kunisafishia damu."

Nililainika. Nikadhani anamhurumia, hataki achanwe bure. Nikakaribia kabisa kumshika mkono!

"Si mashine ndiyo inayomweka?" akasema. "Yeye ndiye ananileta, yeye ndiye ananirudisha. Nikipona, atabaki kwa lipi?"

Nikaurudisha mkono mfukoni.

"Kama hutaki figo, kataa. Mdomo unao."

"Mama hatanielewa. Wewe ukisema, wataamini."

Kwa hiyo ananitaka mimi niwe muongo wake. Nilimwahidi mkewe uongo huo huo Ijumaa, na sikuona haya. Leo umeninukia. Nikamwambia nitamuuliza mara moja tu, kesho, kabla ya kuingia thieta kupasuliwa. Akikataa, nasimamisha kila kitu.

Jioni nimewachungulia mlangoni. Msusi anamkata kucha. Hawasemezani. Sikuweza kujua nani anamshikilia nani.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi. Thieta zote mbili ziko tayari. Msusi ameshaingizwa, bado hajalazwa usingizi.

Nilimuuliza fundi kama nilivyoahidi. Mama yake alikuwa amesimama pale kitandani. Akamtazama mama, akaniambia twende tu. Ndiyo hiyo. Imekwisha, nikajiambia. Nikashusha pumzi — na ilikuwa pumzi ya furaha, nisijifiche.

Sasa nesi mkuu amekuja. Fundi ananiita. Ana neno moja, na mama yake asiwepo.

Nyuma ya nesi, Msumari, sindano mkononi. Anasema ni woga tu wa thieta, kila mtu anao. Ampe ya kumtuliza, atasahau hata alitaka kusema nini. Niitikie kwa kichwa tu.

Nesi mkuu ananitazama. Msumari ananitazama.

Nimewaambia nanawa mikono, nakuja. Wametoka. Sijui kila mmoja ameelewa nini.

Mikono mikavu. Naandika.