Jozi Kumi na Moja za Soksi

Chini ya mlima Vlašić,
Travnik.
9 Januari

Mpendwa Dada Mersiha,

Assalamu alaikum kutoka kwa mdogo wako, kijana mzuri kuliko wote waliobaki huku. Hujambo? Huko Malmö hamjambo? Mgongo wa Baba Mkubwa Zijad umenyooka, au bado anatembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni? Sisi tu wazima. Baba anakohoa, lakini anakohoa kwa nguvu, maana yake mapafu yapo. Mama naye yupo, na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, ingawa hajui.

Usishangae kupata barua. Kwenye simu Mama ananisikia hata nikinong'ona chooni. Hii nampa dereva wa basi la kuja kwenu, pamoja na jibini. Jibini ni ya wote. Barua ni yako peke yako, isome mlango ukiwa umefungwa.

Kwanza habari njema. Theluji imefika kwenye madirisha ya zizi, na viti vya kupandishia watu mlimani vinazunguka tangu Jumapili. Mlifanya akili kuacha milima ya Austria na kuja kuteleza kwa mbao kwenye theluji yetu. Mlima wetu si mrefu sana, lakini ukianguka huku, anayekuinua anamjua babu yako.

Wiki yenu ya Februari iko mikononi mwa fundi. Kibanda chetu cha kukodisha vifaa kimewatengea mbao na viatu vya watu kumi na mmoja, na mbao nimezipaka nta kwa mikono yangu hii. Mapacha wa Kaka Almir nimewachagulia kofia ngumu nyekundu, ili wakizama tujue pa kuchimba. Mama Mkubwa Hanifa asipotaka kuteleza, nitamkokota kwenye kigari cha theluji kama malkia. Mimi mwenyewe nitatangulia mbele, nyote mnifuate. Hilo la mwisho nitalirudia baadaye.

Sasa tuje kwenye ile orodha ya miguu. Unakumbuka ulinitumia majina na namba za viatu vya kila mtu, ili niandae vifaa? Nilikuwa nimeibandika kwenye friji. Mama aliinakili nyuma ya bahasha ya bili ya umeme. Wiki moja baadaye namkuta anafuma. Nikamuuliza, "Mama, unafungua duka?" Akanijibu, "Wageni wakivua viatu mlangoni watakanyaga nini, ulimi wako?"

Dada, amefuma soksi za sufu za watu kumi na mmoja. Amezipanga kando ya jiko, kuanzia za mapacha hadi kubwa kabisa. Ghorofa ya juu, ambayo iko tupu tangu kaka yangu alipohamia Ljubljana, ameifungua. Mifarishi imeanikwa, kabichi ya pipa imechachuka vizuri, na hata Baba amelazimishwa kutengeneza mlango uliokuwa ukilia miaka sita. Mama huimba akifanya kazi. Nilikuwa nimesahau kwamba anaimba, na vibaya namna ile.

Alhamisi iliyopita Bi. Rasema, yule anayesafisha vyumba vya kupangisha kule juu mlimani, alikuja kunywa kahawa. Mimi nilikuwa napakua kuni. Akaweka kikombe chini, akasema, "Šefika, kumbe wageni wako wanalala kule kwetu! Nimeona jina la mtoto wa shemeji yako kwenye daftari. Vyumba vinne, siku saba. Vipi, umewafukuza?"

Nilimwangalia Mama. Hata kope haikumcheza. Akasema, "Nimewaambia mimi. Kwangu padogo."

Kwangu padogo! Mtu mwenye vyumba vinne vitupu ghorofani, juu ya kichwa chake! Mama hadanganyi hata kwenye umri wake, lakini siku hiyo alidanganya mbele ya mdomo mkubwa kuliko yote hapa kijijini, ili jina lako lisitembezwe kijijini pamoja na lile daftari. Bi. Rasema alipoondoka, Mama aliosha vikombe viwili kwa muda wa kuosha sufuria kumi. Hajaimba tena hadi leo.

Nilitaka kukupigia nikutukane kidogo, kwa heshima zote. Nilijua ungesema hamtaki kumsumbua. Dada, umekaa huko mpaka umesahau? Mtu wa kwetu akilala chumba cha kupangisha wakati shangazi, mama mdogo au hata binamu wa mbali ana godoro, kijiji kizima kinauliza waligombania nini.

Lakini nikafikiri. Mimi nafikiri mara chache, kwa hiyo nikifikiri huwa naona mbali. Nikaitazama tena orodha yako. Watu kumi nawajua. Wa kumi na moja ameandikwa "Nils, 46", bila maelezo, kama mwizi aliyeingia kwenye picha ya harusi. Nikaelewa kwa nini umekodi vyumba. Uliogopa Mama atauliza huyu ni nani, na alale wapi.

Juzi nikamchokoza Mama kwa mbali. Nikashika zile soksi kubwa, nikasema, "Hizi za nani, farasi?" Akasema bila kuinua macho, "Wewe unaniona mjinga? Arobaini na sita! Aliyekuwa na mguu huo kwetu ni marehemu babu yako tu, na huyo hatafufuka aje kuteleza. Huyo ni wa Mersiha. Atalala chumbani kwako, na ukimchezea nitakutoa wewe." Halafu akanipokonya soksi, akazirudisha kwenye mstari.

Alikuwa amejua tangu siku ya bahasha, Dada! Nils wako hakumuumiza. Kilichomuumiza ni wewe kudhani ungehitaji kumficha asimwone. Sijui Baba Mkubwa ameambiwa nini, na sitauliza. Mimi kwenye mambo ya watu ni kaburi, isipokuwa leo.

Na ili usione haya peke yako, nami navua koti langu hapa. Sijui kuteleza. Zile hadithi zote za kushuka mteremko mkali macho yamefungwa, ni uongo mtupu. Nimezaliwa chini ya mlima huu, nawafunga watu viatu kila siku, lakini nilijaribu mara moja tu nikaishia ndani ya banda la nyama choma, nikiwa nimekumbatia mteja. Kwa hiyo Februari nitakuwa kwenye kamteremko ka watoto, na mapacha watanifundisha. Waambie wasinicheke zaidi ya siku mbili.

Basi hiyo ndiyo siri yangu, na yako ninayo. Vile vyumba unaweza kuvifuta mpaka tarehe ishirini, nimeuliza. Ukishavifuta, mpigie Mama. Usiombe radhi, maana ukiomba atajua nimesema, nami nitalala zizini. Mwambie hivi tu: "Mama Mdogo, tumesikia kwako padogo. Sisi tutabanana hivyo hivyo." Atadhani ni mdomo wa Bi. Rasema umefika hadi Malmö.

Nitakuwa jikoni nikijifanya nakula. Nikimsikia anaimba, nitajua umepiga.

Nisalimie Baba Mkubwa Zijad, Mama Mkubwa Hanifa, Kaka Almir na mkewe, na wengine wote wa kwenye orodha, na mapacha uwavute masikio kwa niaba yangu. Huyo Nils mwambie avue viatu mlangoni, mengine tutamfundisha. Mwenyezi Mungu awafikishe salama, barabara ziwe wazi na mipaka isiwe na foleni.

Wako akupendaye, bingwa wa kufunga viatu vya wenzake,

Ajdin