Matanga ya Kapteni Shija

Jumatatu, 2 Juni

Nimesuka vichwa vitatu tangu asubuhi. Mgongo hoi. Wateja wakipungua naandika, wakija naficha karatasi chini ya mataulo. Kijitabu cha kumi na mbili cha hadithi zangu kimekwisha. Nimemuua Kapteni Shija. Alikuwa anakatiza kati ya sayari mbili na magunia ya chumvi ya magendo, askari wa anga wakamfyatulia kombora, chombo kikalipuka. Basi. Nimemchoka tapeli yule. Mwalimu mmoja alikishika kijitabu changu hapa saluni akasema ni takataka, hakujua aliyekiandika ndiye anayemsuka. Imeniuma hadi leo. Sasa naandika riwaya ya maana.

Jumatano, 4 Juni

Steshenari wametoa nakala. Nimezipakia kwenye basi la Geita, dada yangu Mama Kulwa atazipokea. Ana banda la chakula Rwamgasa, wachimbaji hununua vijitabu pamoja na ugali. Wanadhani mwandishi ni mwanaume, mwanajeshi mstaafu. Jina la kwenye jalada nililibuni.

Riwaya ya maana: sentensi moja. Nimeifuta.

Ijumaa, 6 Juni

Mama Kulwa kapiga simu, anacheka hadi anakohoa. Wachimbaji wamesoma. Wanasema Shija ni Msukuma mwenzao, hawezi kuachwa angani bila matanga. Mbuzi kapatikana. Kesho wanakaa msiba.

Nimekasirika. Wananidhihaki hawa. Nakwenda kuwaona kwa macho yangu.

Jumamosi, 7 Juni

Basi, kisha bodaboda, vumbi hadi kwenye kope. Kweli kuna turubai! Kuna majamvi. Wanawake wanapika, nami nikapewa kisu nimenye vitunguu vya msiba wa mtu niliyemtunga mwenyewe. Wanaume wanasimuliana jinsi marehemu alivyomvalisha ng'ombe kofia ya rubani akampitisha mbele ya askari. Mchimbaji mmoja mwenye mvi alisema sura ya mwisho aliisomea chini duarani, ndani ya shimo la dhahabu, kwa tochi ya kichwani, akashindwa kuendelea na kazi. Nililia. Nikashukuru vitunguu.

Ndipo akaja Mzee Pazi, mnunuzi wa dhahabu. Mzaramo, mtani wetu Wasukuma. Msibani mtani hana adabu, na ndiyo kazi yake. Kavaa sufuria kichwani, kajilaza katikati ya jamvi, kawa marehemu.

"Mnanililia nini? Maiti yangu iko wapi? Nani kaniona nimekufa?"

Watu mbavu hawana. Mama Kulwa naye akaropoka, ananinyooshea mwiko: "Mama wa marehemu huyu hapa! Ndiye anayeviandika. Muulizeni yeye!"

Wote wakanigeukia. Nilitaka ardhi inimeze. Mzee Pazi, mtu wa kunizaa, akapiga goti mbele yangu na sufuria lake.

"Shikamoo, mama. Mwanao nina njaa huku angani. Unanirudisha lini?"

Nilicheka hadi nikakaa chini. Wakaanza kuja mmoja mmoja kunipa mkono. Pole, mayu, mama yetu. Wabeja, asante kwa Shija, mayu. Yule wa mvi alinishika kwa mikono miwili. Mzee Pazi akarudi kulala jamvini, hatoki mpaka alipwe, ndiyo desturi ya watani. Nikamlipa ahadi: Shija atarudi. Vigelegele! Msiba ukageuka ngoma. Nimecheza mpaka kiatu kimekatika. Sijawahi kufurahi hivi tangu harusi yangu.

Jumapili, 8 Juni

Misa na dada. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa natafuta pa kumficha Shija asilipuke. Mungu anisamehe.

Jumanne, 10 Juni

Nimerudi nyumbani Kambarage. Saluni imetulia. Mteja mmoja tu, kasinzia kitini, dawa ya nywele inashika. Ni yule mwalimu. Karatasi ziko juu ya meza, mbele ya kioo. Riwaya ya maana nimeitupa.

Nimeandika: Ndani ya gunia moja la chumvi, lililokuwa likielea peke yake kati ya nyota, mtu alipiga chafya.